Gitaa katika Sanduku la Bibi Harusi wa Mwadui



Tumepokea swali kutoka kwa bibi harusi mtarajiwa wa hapa Unguja. Mchumba wake anafanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, na baada ya harusi watahamia huko. Kwa muda sasa amekuwa akijifunza gitaa peke yake chumbani, jioni akishatoka kazini, na anataka kulichukua. Shangazi yake amemwambia gitaa ni kitu cha walevi, halifai kuingia nyumba ya ndoa. Mchumba amenyamaza. Mwenyewe anauliza: ni kweli hayo anayosema shangazi?

Swali la namna hii wengi hulikimbiza moja kwa moja kwa masheikh, na kweli mwishoni ndiko litakakofika. Lakini “kitu cha walevi” ni dai la historia kabla halijawa dai la fikihi. Linasema kitu kuhusu wapi gitaa lilipigwa, nani alilipiga na kwa nini. Kwa hiyo tumeona tuanze huko, na tuanze na Mwadui yenyewe, maana ina kisa chake na harusi.

Almasi ya bibi harusi

Mwadui iko Wilaya ya Kishapu, si mbali na mji wa Shinyanga, kwenye nchi tambarare ya Wasukuma, nchi ya pamba, mibuyu na ng’ombe. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, Dk. John Thorburn Williamson, aligundua hapo mwamba wa almasi wenye eneo la kama hekta 146, mmoja kati ya mikubwa kabisa ya aina yake iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5. Novemba ya mwaka huohuo binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliolewa, na Williamson akamtunza jiwe hilo. Lilikatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Malkia alilivaa miaka mingi.

Ukitaja Mwadui na harusi, mazungumzo huishia kwenye jiwe hilo. Sisi tunawafikiria mabibi harusi wengine, wale walioletwa Mwadui kuishi. Kampuni ilijenga mji wake ndani ya uzio: nyumba za wafanyakazi, hospitali, skuli, klabu, kiwanja cha ndege. Ulinzi ulikuwa mkali, kwani almasi ni mali inayoweza kutoka na mtu kiganjani. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo De Beers na serikali ya Tanganyika wakaununua mgodi nusu kwa nusu. Baadaye wamiliki walibadilika tena, lakini umbo la maisha halikubadilika sana. Mume huenda zamu, usiku au mchana, na mke hubaki kwenye nyumba iliyotolewa kwa ajili ya kazi ya mume, mbali na mama yake, mbali na shoga zake, na kwa msichana wa kisiwani, mbali na bahari.

Mwanamume wa mji wa mgodi alikuwa na klabu, mpira na bendi za kumtuliza akitoka kazini. Jioni ya mwanamke ilikuwa ya namna gani? Hapo ndipo gitaa linapoingia.

Gitaa lilivyotoka nyumbani

Nyuzi hazikuwa ngeni Usukumani. Zeze lilikuwapo kabla ya reli. Gitaa lenyewe lilikuja kutoka pwani, na kasi yake iliongezeka miaka ya 1930, wakati sahani za santuri za muziki wa Kuba, zile zilizoandikwa GV, zilipoanza kuuzwa Afrika kuanzia mwaka 1933. Vijana walizisikiliza mpaka zikachakaa, kisha wakazitafuta nyimbo zile kwa vidole vyao.

Ukitazama ramani ya bendi za zamani za bara utaona zimejipanga juu ya Reli ya Kati kama shanga kwenye uzi: Dar es Salaam, kisha Morogoro iliyokuwa na Cuban Marimba na Morogoro Jazz, kisha Tabora iliyokuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz. Kutoka Tabora reli nyingine ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Mwaka 1951 redio ikaanza Dar es Salaam, na hata asiyefika stesheni akawa anasikia. Majina ya mabingwa wenyewe yanatosha kutupa la kufikiri: Salum Abdallah, Mbaraka Mwinshehe, Salum Zahoro. Hawa ni watoto wa nyumba za Kiislamu.

Lakini shangazi hakosei anapokumbuka pombe. Dansi lilipigwa kwenye kumbi na baa, usiku, kwa tiketi na bia. Na kuna jambo jingine ambalo kwetu ndilo la msingi zaidi, ingawa ni wachache wanaolitaja. Wapigaji wengi wa bendi hawakuwa na magitaa yao. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi au klabu, na baada ya uhuru mara nyingi vilikuwa mali ya polisi, jeshi, jumuiya ya wafanyakazi au shirika la umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na onyesho likiisha gitaa lilirudi stoo na kufungiwa. Mtu angeweza kuwa bingwa wa solo nchi nzima, na watoto wake wasilione gitaa sebuleni hata siku moja.

Ndivyo gitaa letu lilivyopoteza nyumba. Vizazi viwili vya Watanzania vililijua kama chombo cha ukumbini, chenye nyaya na spika. Mwanamke asiyekwenda ukumbini hakulikaribia. Si kwamba nyuzi zilimkataa. Mlango ulikuwa baa.

Katanga walilipiga mlangoni

Tukitaka kuona gitaa katika mji wa mgodi lilivyokuwa kabla ya kufungiwa stoo, tuvuke Ziwa Tanganyika hadi Katanga, kusini mwa Kongo. Kule kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba shaba na kuvuta watu kutoka kila upande. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwaruhusu, hata kuwahimiza, wafanyakazi kuishi na wake zao kambini, kwa sababu iliona mwenye familia hatoroki. Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Na kwa kuwa mshahara ulikuwapo na gitaa liliuzwa dukani, mtu alinunua lake, akalipiga mlangoni kwake.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja mrekodi wa muziki, Hugh Tracey, alimkuta kijana akipiga gitaa katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Wimbo wake “Masanga” ulitolewa na Gallotone ya Afrika Kusini na ukasambaa Afrika yote ya Mashariki. Bosco alifika hadi Nairobi, ambako alipiga hata matangazo ya biashara ya vidonge vya Aspro. Wazee wetu bara mpaka leo gitaa lisilo la umeme huliita “gitaa kavu” au “galatoni”, na bila shaka mmeshaona jina hilo limetoka wapi.

Sikilizeni namna Bosco alivyopiga, maana inamhusu bibi harusi wetu kuliko habari yoyote ya bendi. Ni mtu mmoja na gitaa moja. Kidole gumba kinatembea chini na besi, cha shahada kinatembea juu na sauti nyembamba, na hivyo viwili vinajibizana mpaka unadhani wako watu wawili chumbani. Hakuna ngoma, hakuna umeme, hakuna ukumbi. Jirani upande wa pili wa ukuta anaweza asisikie kitu. Magharibi mwa Kenya, kwenye mtindo wa omutibo uliojulikana kupitia kina George Mukabi, walizidi kuwa wa nyumbani: mdundo walitoa kwenye chupa ya soda iliyokwaruzwa kwa chuma.

Na hii si sanaa ya waliozaliwa nayo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza John Low, mtu mzima aliyekwisha kujua gitaa la kwao, alisafiri hadi Katanga akakaa na Bosco na wapigaji wengine, akawatazama vidole na kujifunza upya. Aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Tunamtaja kwa ajili ya wale wanaotuandikia kwamba miaka 27 au 35 ni mingi mno kuanza.

Wanawake na nyuzi

Je, wanawake walibaki nje kabisa? Hapana. Katika miaka ya 1960 Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya wanawake watupu, Women Jazz, waliosimama jukwaani na magitaa, tarumbeta na ngoma. Guinea walikuwa wameshatangulia mwaka 1961 na Les Amazones, askari wa kike wanamuziki. Hizo nazo lakini zilikuwa bendi za jukwaa, kwa sare na ratiba.

Tanga ilifanya jambo lililo karibu zaidi nasi. Miaka hiyohiyo ya 1960 kikundi cha Black Star kiliingiza magitaa ya umeme katika taarab, na sauti ya Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, ikapanda juu yake. Fikirini maana yake. Mwanamke ambaye asingethubutu kuingia ukumbi wa dansi alikaa harusini kwa jirani, na buibui lake na udi wake wa kujifukiza, akasikiliza gitaa. Leo ni harusi ngapi za mjini zenye taarab ya kisasa zisizokuwa na gitaa ndani yake? Shangazi wengi wanaolilaani gitaa wamelichezea.

Hapa Unguja wanawake walikuwa na vikundi vyao zamani, kina Sahib al-Ari na Royal Air Force, wakishindana kwa mavazi na mafumbo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 akaifanya sauti ya mwanamke wa Ng’ambo kuwa sauti ya Waswahili wote. Nyuzi lakini aliwekewa na wanaume: gambusi na fidla vilikaa mikononi mwao. Mwanamke aliimba, mwanamume akapiga. Mpaka huo ulidumu muda mrefu sana. Mwaka 2002 kilipofunguliwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi hapa Mji Mkongwe, wasichana waliovaa hijabu walianza kukaa darasani na udi, fidla na kanuni mapajani. Mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani akaanzisha Tausi, taarab ambayo wanawake wenyewe ndio wapigaji. Hatuwezi kuwaeleza ilivyokuwa kuona mara ya kwanza safu nzima ya mabibi wamekamata fidla, waliokuwapo watatuelewa.

Na udi ni nani kwa gitaa? Ni mzee wa ukoo. Jina gitaa limepita katika Kiarabu cha Andalus, “qithara”, lililotoka Ugiriki, na likatokea Hispania. Wanahistoria wa Andalus wanasimulia kuhusu Ziryab, aliyetoka Baghdad akafika Cordoba mwaka 822, akauongezea udi uzi wa tano na kuupigia risha ya unyoya wa tai badala ya kijiti. Neno “risha” tunalo mpaka leo visiwani. Tunapenda zaidi habari ya binti zake wawili, Ulayya na Hamduna, waliojifunza kwa baba yao. Hamduna aliolewa na waziri. Ilimu ya Ulayya ilitafutwa na watu hata baba yao alipokwisha kufariki. Basi anayesema nyuzi ni kitu cha kizungu kilichokuja na baa, huko kwenye ukoo hajafika.

Dini inasema nini

Hapa tutembee kwa adabu, na bila kuficha.

Wanachuoni walio wengi katika madhehebu manne, na miongoni mwao Shafi wetu tunaowafuata hapa visiwani, wamezikataza ala za nyuzi. Wanategemea hadithi iliyo katika Sahih Bukhari inayotaja watu watakaohalalisha ulevi, hariri na ala za muziki. Imamu Nawawi yuko upande huo. Ibn Hazm wa Andalus, aliyefariki mwaka 1064, aliona mapokezi ya hadithi hiyo yana kasoro na akaruhusu, na wanachuoni waliomfuata, kama Ibn Hajar, wakamjibu kwa kirefu. Dufu katika harusi halina ugomvi mkubwa hivyo, Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliuliza kwa nini bibi harusi mmoja amepelekwa kwa Ansari bila kitu cha kuwafurahisha. Lakini dufu si gitaa, na hatutaki kumpa mtu ruhusa kwa kumchanganyia vyombo.

Aliyetugusa zaidi katika kulisoma hili ni Imamu Ghazali. Katika Ihya yeye anaijadili sauti nzuri kwa upole mwingi, hasemi kwamba utamu wa sauti ni dhambi. Zile nyuzi na zumari alizozikataza, sababu mojawapo anayoitoa ni kwamba zilikuwa alama ya wanywaji: zinamkumbusha mtu kikao cha pombe na kumfananisha na watu wake. Shangazi wa Unguja, bila kukifungua kitabu, amesema jambo linalofanana.

Kwa hiyo maswali ni mawili na tusiyafanye moja. La kwanza ni la chombo chenyewe, na anayefuata kauli ya wengi akaliacha gitaa asichekwe wala asiitwe mshamba. Ameshika njia ya wanachuoni wakubwa. La pili ni la kikao: gitaa la nani, wapi, saa ngapi, limezungukwa na nini. Hilo la pili ndilo historia inaloweza kulijibu, na jibu lake ni kwamba baa ilikuwa kituo kimoja tu cha safari ndefu. Kambi za Katanga, harusi za Tanga na darasa la Forodhani ni vituo pia. Maoni yetu ni kwamba mwanamke anayepiga nyuzi chumbani kwake, bila ya wimbo wa fedheha na bila ya kupoteza Isha, hayumo katika kikao cha walevi. Kama chombo ni halali, hilo amuulize sheikh anayemwamini, na amwelezee hali yake yote kama ilivyo.

Kucha, mbao na mume

Yapo mambo matatu ya kidunia ambayo mapokeo ya gitaa yanamsaidia bibi harusi wa Mwadui.

La kucha tunaulizwa sana. Watu hudhani mpigaji lazima afuge kucha za mkono wa kulia, nasi tunajua Sunna ya kuzikata na mpaka wa siku 40. Francisco Tárrega wa Hispania, aliyefariki mwaka 1909 na ambaye wapigaji wa gitaa ulimwenguni bado wanamsoma, katika miaka yake ya mwisho alikata kucha akapiga kwa nyama ya kidole. Sauti huwa laini na ya chini, ndiyo hasa inayofaa kwenye nyumba zilizobanana. Hina haina neno. Udhu nao uko salama.

Maumivu ya vidole vya kushoto nayo yana historia yake. Zamani nyuzi laini zilikuwa za utumbo wa mnyama. Vita vya Pili vilipozifanya adimu, fundi Albert Augustine wa New York, akisaidiana na mpigaji Andrés Segovia, alitengeneza za nailoni mwishoni mwa miaka ya 1940, karibu na wakati ileile almasi ya waridi ilipopatikana Mwadui. Anayeanza ukubwani achukue gitaa la nailoni. Za chuma zinakata ncha za vidole, na hewa yetu ya chumvi inazishika kutu haraka.

Shinyanga ni kinyume cha Unguja. Kiangazi hukauka mpaka mbao iliyozoea unyevu wa kisiwani hunywea, na ubao wa gitaa unaweza kupasuka. Liwekwe ndani ya kasha lake, mbali na dirisha la jua, na kitambaa chenye unyevu kidogo pembeni ndani ya kasha, kisiguse mbao. Safarini, kwenye boti mpaka Dar es Salaam na kisha njia yote ya Dodoma, Singida, Nzega mpaka Shinyanga, nyuzi zilegezwe kidogo, na lisiwekwe kwenye buti la basi chini ya magunia.

Limebaki la mchumba aliyenyamaza. Dada, ukimya wake usiutafsiri. Muulize kabla ya akdi, mbele ya walii kama inabidi, kama unavyomuuliza kuhusu kazi na masomo. Mwambie ni gitaa kavu, litakaa chumbani, na kwamba zamu ya usiku huko mgodini ni ndefu. Akisema hataki, ni bora ulijue hilo ukiwa bado kwa mama yako. Akikubali, basi na alibebe yeye kasha hilo kutoka bandarini.